Chupa Niliyoijaza Mimi

Machi 14, 2017

Bismillahi. Mvua imeingia jana, na kisima chetu tayari kimekuwa kama chai ya maziwa. Naandika kwenye daftari la shule la Husna, kurasa alizoziacha. Mie niliishia darasa la nne, mwandiko wangu ni wa kuku, lakini mwanangu wa pekee anaolewa na sitaki siku hizi zinipotee.

Leo tumepata mgeni. Shaabani, mume wangu, ni askari wa doria wa Hifadhi ya Bahari hapa Utende. Kaja naye kutoka ofisini. Msichana, jina lake Biubwa, kwao Pemba, anasoma chuo Dar es Salaam. Ofisi haina nafasi ya kulala, basi kapewa chumba chetu cha uani. Kaniamkia kwa adabu, shikamoo yake ya kuinama. Kasema kaja kupima maji.

"Mwanangu," nikamwambia, "maji ya kisima hiki hayana haja ya kipimo, macho yanatosha."

Kacheka. "Si ya kisima, mama. Ya chupa. Haya yanayouzwa madukani."

Nimeshangaa. Maji ya chupa yapimwe nini, nayo yametakata hata waona upande wa pili?

Machi 16

Anatafuta zebaki. Kanieleza mie nikikuna nazi. Ni ile inayong'aa ndani ya kipimajoto cha hospitali, madini lakini yanamiminika. Wachimba dhahabu wa bara wanaitumia. Ikiingia mwilini haina haraka ya kutoka, inakaa kwenye figo na kwenye mishipa ya fahamu.

"Na kwenye maji ya chupa imefuata nini?"

"Huenda haimo kabisa, mama. Lakini watu wanayanunua kwa kuyaamini, na hapa kisiwani hajawahi kuyapima mtu."

Anachokitafuta ni kidogo mno. Kasema ni kama nitupe chembe ya chumvi kisimani, halafu mtu aulizwe kama kisima kina chumvi. Ndiyo maana havai pete, hajipaki mafuta wala manukato, na akishika chupa zake anavaa glavu mbili mbili. Mikono imempauka kama ya mpara samaki. Nikamwambia kwa mikono ile atakosa mume.

"Nikishapata shahada nitajipaka ndoo nzima," kasema. Nampenda huyu mtoto.

Machi 20

Leo Husna kawekwa ndani. Hatoki tena mpaka siku ya harusi, Mei 12, Inshallah. Somo yake ni Bi Mize, ambaye kawafunda mabinti wa nusu ya Utende na mdomo wake haujachoka.

"Mwali kazi yako ni kula, kulala na kusingwa," kamwambia. "Ukifikiri, fikiri chakula."

"Na nikikwambia nimeshiba?"

"Utaolewa umekonda kama mkia wa samaki taa, Maulidi mumeo akukose kitandani."

Wakacheka wawili hao hadi nami nikaingia kucheka.

Singo ya kumsugulia mwili nimeichanganya mwenyewe: liwa, karafuu ya kusaga, mawardi. Na humo nimetia ile krimu niliyoinunua kwa mama mmoja anayeileta na boti ya Nyamisati. Kopo dogo, lina picha ya mwanamke mweupe anacheka. Husna kachukua rangi ya babu yake mzaa baba, mweusi tii, na mie tangu mdogo namwona ni mzuri. Lakini siku ya posa Mwanahija, mama yake Maulidi, alisema mbele ya watu, "Mkwe, mwali wetu taa ikizimwa tutamtafuta kwa kupapasa." Watu walicheka. Mie nilicheka kuliko wote. Kisha neno lile likabaki nami, na limekaa.

Bi Mize kainusa krimu. "Hii ndiyo yenyewe. Subiri utamwona atakavyotakata."

Machi 24

Mvua. Pipa la mvua limejaa. Kunguru wamelifanya bati letu baraza lao.

Machi 29

Leo nimefanya jambo ambalo nikiliangalia naliona dogo, na nikiliangalia tena silioni dogo.

Biubwa alitoka mapema kwa pikipiki kwenda Kirongwe kununua chupa katika maduka ya huko. Zile alizokwisha nunua Kilindoni kaziacha kwenye chumba chake ndani ya kasha. Asubuhi alizifungua zote, kila moja kamimina kidogo kwenye kikombe chake apime chumvi na ukali, kazifunga tena. Akaniambia jioni akirudi atazitia dawa ya kuyatunza maji mpaka yafike Dar. Akaniomba nimtazamie chumba, ng'ombe wa jirani asije akasukuma mlango.

Mchana mie niko kwa Husna namsinga, mikono imenijaa singo hadi kwenye viwiko, nasikia hodi. Mwanahija, na dada zake, kutoka Kiegeani, hawakupiga hata simu. Kumbe wamekuja kumwona mwali! Nimepangusa mikono kwenye kanga nikatoka mbio. Nimewaweka barazani, nimewapa kaimati. Nikaleta maji ya pipa, yamechemshwa, yamepoa, kwenye jagi langu la kioo.

Mwanahija kaliangalia jagi, kaliangalia bati, kawaangalia kunguru.

"Mkwe, usinielewe vibaya. Tumbo langu maji ya bati linayakataa. Kwangu siku hizi ni ya chupa tu."

Dada yake kajikohoza. Nilijisikia kama nimevuliwa nguo. Nikasema, "Yapo, mbona yapo!" na miguu ikanipeleka uani. Nikachukua chupa moja kwenye kasha. Ilikuwa ya yale maji ambayo Khozema, mwenye duka wa Kilindoni, peke yake ndiye anayeyaleta kisiwani. Waliyanywa yote, Mwanahija akanisifu.

Walipoondoka nimebaki na chupa tupu ina karatasi yenye namba. Kilindoni ni mbali na mvua inapiga. Basi nimeteka pipani kwa kopo, nikaijaza mpaka pale pale Biubwa alipokuwa ameifikisha, nikaufuta mdomo wa chupa kwa kidole, nikafunga, nikairudisha mahali pake. Maji ni maji. Nayo yalikuwa yametakata kama ya mwanzo.

Karudi jioni amelowa chapa. Kazitia zote dawa, moja baada ya moja, na ile pia. Kaniuliza, "Ng'ombe hakuja, mama?" Nimesema hakuja.

Machi 30

Chupa zimepanda ndege kwenda Dar. Nimeshusha pumzi.

Aprili 4

Mvua. Husna kadai nimpe dirisha hata nusu saa. Bi Mize kakataa.

Aprili 8

Rangi inaanza kufunguka, hasa shavuni. Kope zimemjaa kidogo akiamka. Bi Mize kasema ni usingizi wa raha.

Aprili 12

Biubwa kapigiwa simu na mwalimu wake. Alikuwa barazani, nami napepeta mchele. Nimemwona anakaa chini polepole.

"Zote ni safi, mama," kaniambia alipokata. "Ila moja. Namba kumi na saba. Zebaki yake imepita kiwango mara nyingi hata mwalimu alidhani mashine imeharibika. Wamerudia, ni vile vile."

"Kumi na saba ni ya nani?" Nauliza na mchele unamwagika kwenye ungo.

"Ya dukani kwa Khozema."

Ndiyo ile.

Biubwa kaniomba nisimwambie mtu. Atakwenda kununua nyingine za katoni zile zile, azitume tena, mpaka ajue ndipo aseme. Kasema jina la mtu halichezewi kwa chupa moja. Mie nilikuwa namsikia kama yuko mbali. Maana nimeelewa: sumu imo kwenye pipa letu. Kwenye bati, au kwenye mavi ya kunguru, sijui. Na maji yale ndiyo anayokunywa Husna.

Kwa nini sikusema hapo hapo? Najua kwa nini. Harusi mwezi ujao. Mwanahija akisikia kuwa nimempa maji ya mgeni ya kupimia, na kwamba maji ya nyumba hii yana sumu, je, atakuja tena kukaa kwenye baraza langu? Na Shaabani, aliyesema kwa ofisi nzima, "Mleteni kwangu, mke wangu mwaminifu."

Nimemwaga pipa lote. Nimemwambia Shaabani lilikuwa na vyura.

Aprili 13

Nimemwambia Husna asinywe ila maji ya chupa. "Leo mie mzungu?" kauliza. Nimemwambia ndiyo, mpaka harusi.

Aprili 15

Limetoka. Si kwangu. Shaabani alikuwa nyuma ya ukuta siku ile akishona wavu wa bustani, kasikia "Khozema" na kasikia "zebaki imepita kiwango". Naye kwa nia njema kamwonya mtunza stoo wa hoteli asiwape wageni maji yale. Mtunza stoo kamwambia mpishi, mpishi kamwambia mkewe. Leo kila anayetoka Kilindoni anasimulia. Katoni zinarudishwa. Mtoto wa shule kampigia Khozema kelele barabarani, "Babu sumu!"

Biubwa kalia kwa hasira. "Nilisema chupa moja! Moja!" Shaabani kainamisha kichwa kama mwanafunzi.

Na mie nilikuwa nasonga ugali. Nimeusonga mpaka umekuwa jiwe.

Aprili 19

Nimekwenda Kilindoni kununua maji ya Husna. Ningeweza kununua duka jingine, lakini miguu haikukubali. Nimeingia kwa Khozema. Duka lile kila siku hupati pa kusimama, leo alikuwa peke yake na feni.

"Karibu, Mama Husna. Umekuja kurudisha?"

"Nimekuja kununua. Yale yale."

Kaniangalia kwanza. Kisha kamwita mkewe aliye nyuma, "Rozmin, ee Rozmin, njoo umwone mtu!" Rozmin katoka na miwani yake, kanishika mikono yote miwili, hii hii.

"Baba yake Khozema kauza hapa, babu yake kauza hapa," kasema Rozmin. "Hajatokea mtu kutuita wauaji. Wewe Mungu akulipe, mama. Na mwali wako Mungu ampe kheri."

Kanitilia na vipande vya udi kwenye mfuko, zawadi ya harusi. Kijana aliyebeba katoni kwenye bajaji kaniuliza kama mie siogopi kufa. Nimelia njia nzima mpaka Utende na yule kijana kadhani nimefiwa.

Mie nayanunua yale maji kwa sababu kisiwani kote ni mie peke yangu ninayejua kuwa hayana kosa.

Aprili 22

Wanawake wamekuja kumchungulia mwali. Sifa zilivyomwagika! "Katakata!" "Kanawiri, kajaza!" Kweli uso umemjaa kama mwezi, macho yamekuwa madogo, miguu imenenepa hata kikuku chake hakipiti. Bi Mize kapiga vigelegele vitatu vya kujisifu. Mwanahija kamshika kidevu. "Sasa huyu hata taa ikizimwa tunamwona."

Husna hakucheka. Walipoondoka kaniambia, "Mama, viatu vyangu vimenikataa. Na sili kitu, chakula chote kinanichefua."

Nimemwambia ni hamu ya harusi. Nimemsinga tena, nimemzidishia kidogo, maana ulimi wa Mwanahija umelainika.

Aprili 24

Mvua kubwa. Sijaandika kitu.

Aprili 27

Leo nitaandika yote, hata mkono ukichoka.

Asubuhi majibu mengine yamekuja. Zile chupa Biubwa alizozinunua tena kwa Khozema, za katoni zile zile, ni safi zote. Nikashukuru moyoni, nikadhani yamekwisha. Lakini nikamkuta Biubwa kakaa chini chumbani mwake, mgongo kwenye kasha, analia bila sauti, kama mtu asiyetaka kuudhi wenye nyumba.

"Ni mimi, mama. Ni mimi niliyeichafua. Mwalimu kasema kama chupa moja nimeichafua bila kujua, nani atayaamini majibu ya zile nyingine? Kazi yote itupwe, nianze upya mwakani. Na yule mzee kafunga duka leo, nimepita, kafunga! Nimefikiri kila siku, kila chupa niliyoishika. Sijui ni wapi. Sijui nilishika nini."

Kaangalia mikono yake. Ile mikono iliyopauka, aliyoinyima mafuta msimu mzima.

Nikasema. Sikupanga, nimesikia tu sauti yangu. Nikamwambia wakwe walikuja, nikamwambia aibu ya jagi, nikamwambia nimewanywesha, nikamwambia nimejaza kutoka pipani na nikafunga. Nikamwambia, "Sumu imo kwenye pipa letu, mwanangu, si wewe, ni bati letu."

Nilingoja anifokee. Hakunifokea. Alipangusa uso kwa kiganja, akawa anafikiri, nikaona anarudi kuwa msomi mbele ya macho yangu.

"Maji ya mvua hayafiki kiasi kile, mama. Hata bati liwe baya vipi. Hebu niambie polepole. Uliijazaje?"

"Kwa kopo."

"Ukafanya nini?"

"Nikafuta mdomo wa chupa. Kwa kidole."

"Mkono ulikuwa na nini?"

Nikacheka, wallahi nilicheka. "Singo tu. Nilikuwa namsinga mwali."

"Singo ya nini?"

"Liwa. Karafuu. Na krimu kidogo ya kumtakatisha."

Kasimama. "Nioneshe."

Nimemletea kopo. Hakuitazama picha ya yule mwanamke, kaligeuza nyuma, kalipeleka dirishani kwenye mwanga. Kuna maandishi ya Kizungu pale, madogo kama mayai ya chawa. Kidole chake kikafuata mstari, kikasimama.

"Imeandikwa, mama. Hawakuficha hata. Zebaki. Ndiyo inayoondoa rangi."

Mie bado sijaelewa, Mungu anisamehe. Nilikuwa nafikiri chupa. Nikasema, "Alhamdulillahi, basi Khozema kapona, na wewe umepona, na pipa letu halina neno."

"Mama," kasema Biubwa, taratibu, kama mtu anayemwamsha mgonjwa. "Ile chupa iliguswa na kidole. Husna anapakwa wapi?"

Mwili mzima. Tangu Machi. Asubuhi na jioni. Na kila maneno ya Mwanahija yalipokuwa matamu, nilizidisha.

Sikumbuki nani alitangulia mlango. Husna alikuwa amelala ubavu. Biubwa kampigia magoti, kamwomba mguu, kabonyeza mfupa wa muundi kwa dole gumba, kisha katoa. Shimo likabaki. Shimo la kidole, kwenye mguu wa mwanangu, kama kwenye unga uliokandwa. Tukaliangalia wote watatu na halikujaa.

"Si unene huu, mama," kasema Biubwa. "Ni maji."

Nikapiga magoti nami. Wanawake walisema kajaza, na mie nikavimba kwa fahari, na aliyekuwa anavimba ni yeye.

Bi Mize kaingia na chetezo cha udi, kasikia tunamtoa mwali kwenda hospitali, kaja juu. "Mwali hatoki kabla ya siku yake! Mtu anauguzwa ndani, anaitiwa daktari ndani! Mnataka Kiegeani waseme tumewauzia mgonjwa?"

Nimemsukuma. Bi Mize, aliyenifunda hata mie. Nimemsukuma kwa kifua na chetezo kikaanguka, tukatoka na mtoto kavaa baibui juu ya kanga ya singo. Shaabani kaleta gari la Hifadhi. Njiani nimemwambia yote, mbele ya dereva. Tulifika Kiegeani, na tulipoipita nyumba ya kina Maulidi ndipo aliposema, "Mgeni katuwekea amana, ukaipakua kwa wakwe." Kisha, baada ya kitambo, "Na mie nikamsingizia mzee wa watu."

Aprili 28

Mkojo wa Husna umepimwa hapa hospitali ya Kilindoni. Figo zinavuja, zinatoa kisichotakiwa kutoka. Daktari kauliza, "Anatumia krimu?" kabla hata sijafungua mdomo. Kumbe si wa kwanza kumwona. Kamwandikia dawa, kamkataza chumvi. Kasema wengine wakiacha kupaka figo zinarudi, wengine hazirudi, na hawezi kuniambia huyu ni yupi.

Nimemwogesha mara nne leo. Najua haitoki kwa sabuni.

Aprili 30

Hali ile ile. Mvua juu ya bati la wodi husikii hata adhana.

Mei 2

Nimemwacha Husna na Biubwa nimekwenda sokoni. Khozema kafungua, lakini rafu ya maji ni tupu. Kwenye baraza la duka walikaa wanaume wanacheza karata, na akina mama wawili wananunua sukari. Nilitaka kumwita pembeni. Kisha nikawaza, walipomtukana hawakumwita pembeni.

Nikasema kwa sauti, pale mlangoni. "Jamani, nisikilizeni. Maji ya Khozema hayakuwa na kitu. Chupa ile niliinywesha wageni wangu, nikaijaza maji mengine kwa mkono wangu, na sumu ilikuwa kwenye mkono wangu. Krimu ya kutakatisha. Mwanangu yuko wodini kwa krimu hiyo hiyo. Mwenye kopo hilo nyumbani alitupe leo."

Mwanamume mmoja kaweka karata chini. Mwingine kasema, "Kumbe mchawi ni Mama Husna!" wakaangua kicheko. Mmoja wa wale akina mama hakucheka. Kavuta ushungi wake karibu na shavu, na shavu lile lilikuwa jeupe kuliko shingo.

Khozema hakutoka nyuma ya meza. "Siku ile uliponunua," kasema, "ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua ni maji yangu, si yako. La krimu nilikuwa silijui."

"Na Rozmin akakushika mikono."

"Ndiyo."

Kapanga mizani yake, ambayo ilikuwa imepangika. "Maji nimeyarudisha Dar yote na boti. Ungekuja siku ile ukasema haya, ningekuona ndugu yangu. Leo sijui nikuone nani." Nikaitikia kwa kichwa, ni haki yake. Nilikuwa nimeshageuka aliponiuliza, "Mtoto anakula?"

"Kidogo."

"Rozmin atapeleka uji usio na chumvi. Si kwa ajili yako."

Na Rozmin kaupeleka. Kakaa pembeni ya kitanda, kamlisha Husna kijiko kwa kijiko, na mie hakunitupia jicho.

Mei 6

Biubwa kaandika kwa mwalimu wake habari yote. Chupa kumi na saba imetolewa kwenye hesabu, nyingine zimekubaliwa. Kopo la krimu nalo kalichukua akalipime. Kaniambia, "Nilikuja kutafuta ndani ya chupa, mama, kumbe ilikuwa chumba cha pili." Hakuniambia kwa kunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Mei 9

Mwanahija kaja wodini na Maulidi. Kasimama miguuni kwa kitanda akimwangalia mkwewe, kisha kanivuta nje kwenye ukumbi.

"Mie nilikuwa natania, mkwe. Ile ya taa. Nilikuwa natania tu."

"Najua."

"Wallahi hata sikukumbuka kama nilisema."

Hakukumbuka. Mie nimelilea lile neno kama mtoto, mwenye neno kalisahau siku ile ile. Harusi imeahirishwa mpaka baada ya Ramadhani, Mungu akijaalia afya. Maulidi kakaa na Husna hadi wakati wa kutazama wagonjwa ukaisha, wakibishana mpira, na yeye ndiye aliyempa dawa.

Mei 12

Leo ingekuwa siku yenyewe. Jua limewaka, la kutukomoa.

Mei 17

Uvimbe unashuka. Daktari kabonyeza muundi, shimo limejaa haraka. Mkojo bado si mzuri lakini ni afadhali. Tutakuwa tunampeleka kila mwezi kupima, huenda mwaka mzima, huenda zaidi. Kasema tumewahi. Mie sioni nilipowahi.

Mei 20

Tumerudi nyumbani. Biubwa kaondoka na boti ya asubuhi, tumeagana gatini. Mvua zimebaki za rasharasha, na wiki ijayo ni mfungo.

Husna kaoga mwenyewe, kakaa kwenye mkeka barazani, juani, mahali ambapo Bi Mize asingemruhusu. Kakonda, mifupa ya mashavu imerudi, na rangi yake inarudi kwa mabaka, paji la uso tayari ni lake. Mie nilikaa nyuma yake nikimsuka, maana nywele zimemsokoteka kwa kulala. Nilikuwa na furaha. Naandika kweli, nilikuwa na furaha na nikawa naimba.

"Mama," kasema bila kugeuka.

"Naam, mwanangu."

"Ulikuwa unaniona mbaya?"

Chanuo likasimama. Nikamwambia la, hasha, Mungu shahidi, tangu siku ya kwanza ulipowekwa kifuani pangu sijamwona mtoto mzuri kama wewe. Na ni kweli. Ningeweza kuapa msikitini.

Husna si mtoto wa kelele. Kajikuna mguu, kamtazama kunguru.

"Sasa ulikuwa unanitakatisha nini?"

Nimemwambia daktari, nimemwambia Biubwa, nimemwambia Shaabani, nimesimama mbele ya duka la watu nikasema kwa sauti. Yeye nimemgawa nywele mstari mwingine. Nimeendelea kumsuka, naye kaniachia kichwa chake, hakukivuta. Nimesuka mistari yote mpaka kisogoni, na hakuuliza mara ya pili.